Kano ya Kisigino na Sindano ya Laki Tisa

Muuza nyama wangu wa sokoni Majengo huniwekea kano. Kila nikikaribia mada ya mwendo, kidato cha tatu, nampitia jioni na kumwomba anikatie ule mkanda mweupe wa mguu wa nyuma wa ng'ombe, pale nyama inapokoma. Mwanzoni alidhani nafuga mbwa. Siku hizi ananiita "mwalimu wa makano", na wateja wakishangaa anawaambia, "Huyu ananunua kile mnachotema nyie."

Darasani kipande kile hupita mkono kwa mkono. Wavulana hukivuta wawili wawili mpaka viti vinasogea. Wembe huteleza juu yake. Kikiwa kibichi kinang'aa, na ukikichana kwa ncha ya sindano unaona nyuzi zimelala sambamba kama katani iliyokwisha kuchanwa. Hapo huwasimulia habari ya mzee mmoja wa Kisandawe niliyemkuta Kwa Mtoro, ambaye upote wa upinde wake ulikuwa wa kano ya mnyama iliyosokotwa. Alinipa niuvute. Sikufika hata nusu. Kisha nageukia ubao na kuandika sentensi niliyoiandika kwa miaka 26: kano huunganisha msuli na mfupa. Wanakopi, kengele inalia, tunaachana.

Kano inazeekaje, muhtasari hausemi, nami sikuwahi kujiuliza.

Yangu ilianza Juni ya mwaka juzi, msimu ule upepo wa Dodoma unapopasua midomo. Naamka saa kumi na moja, nakanyaga sakafu, kisigino cha kulia kinagoma. Hatua za kwanza kuelekea bafuni nazivuta huku nimeshika ukuta. Nikifika kwenye kabati mguu umeshalainika, na nikitoka kuoga nimesahau. Jioni, baada ya vipindi sita vya kusimama, maumivu yanarudi. Nikipapasa vidole vinne juu ya kisigino nakuta uvimbe mdogo, mgumu, kama njugu mawe iliyojificha chini ya ngozi. Nikiubana kwa vidole viwili, machozi.

Chanzo nakijua na hakina heshima. Nilijiunga na akina mama wa mtaa wetu wa Nkuhungu wanaotembea alfajiri. Tukatembea miezi miwili, tukapata sare za njano, na sare zikatupa kiburi. Kiongozi akatangaza kwamba sasa tunakimbia. Nina miaka 54, kilo 81, na tangu niache netiboli ya chuo cha ualimu mchezo wangu ulikuwa chaki. Nikakimbia.

Kila mtu aliyeniona nachechemea alisema neno moja: mshipa. Mshipa umehama. Mshipa umekaza. Mshipa umepigwa na baridi. Kiswahili chetu cha mtaani kimeubebesha mshipa mizigo minne: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa ngiri, na hiki kamba kinachovuta kisigino. Mama wa jirani alileta mafuta ya kondoo ya kuchulia. Duka la dawa wakasema ni baridi yabisi. Zahanati nikapewa diklofenaki za siku saba, ambazo zilituliza siku saba. Hakuna aliyetamka kano, na mimi mwenyewe, nilitamkaye kila mwaka, sikulikumbuka mpaka siku moja nilipokuwa nimeshika kipande cha yule muuza nyama mbele ya darasa na mguu ukanichoma papo hapo.

Basi nikaanza kusoma, na kusoma kulinikuta pabaya, kwa sababu mwalimu hapendi kugundua kwamba alichojua kilikuwa robo.

Zamani madaktari nao waliamini maumivu ya namna hii ni uvimbe wa moto, yaani mwili unapigana na jeraha, na dawa ni kuuzima moto. Ila vipande vya kano zilizouma kwa miezi vilipowekwa chini ya hadubini, dalili za moto huo zilikuwa haba. Kilichoonekana ni uchakavu. Nyuzi za kolajeni, ambazo ndizo kano yenyewe, zimepoteza mpangilio; ile katani iliyochanwa imekuwa kama imepitiwa na kuku. Maji yameongezeka ndani, ndiyo maana inanenepa. Mishipa midogo ya damu imejipenyeza mahali ambapo kwa kawaida haipo, na imeandamana na vinyuzi vya fahamu, ambavyo ndivyo vinavyopiga kelele. Kano kwa asili ina seli chache na damu kidogo. Umri ukisogea seli hizo zinapungua bidii, na zile chache zenye uwezo wa kuzaa nyingine zinazidi kuadimika. Kisukari kinaharakisha mambo, maana sukari inazishikamanisha nyuzi na kuzifanya zikakamae.

Lakini kilichonifanya nifunge kompyuta na kutoka nje kukaa barazani ni utafiti wa Denmark wa mwaka 2013. Kati ya miaka ya 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio, na kaboni yenye mnururisho ikaongezeka katika anga ya dunia nzima. Mimea ikaivuta, ng'ombe wakala mimea, watu wakala vyote viwili. Baadaye kiwango hicho kikashuka mwaka hadi mwaka kwa mwendo unaojulikana. Kwa hiyo ukichukua kipande cha mwili na kupima kaboni yake, unaweza kusema kilijengwa lini. Watafiti wakapima kano za visigino vya watu waliozaliwa miaka mbalimbali. Misuli ilionyesha kaboni ya karibuni, maana misuli hujijenga upya. Kiini cha kano hakikuwa hivyo. Kilikuwa na kaboni ya utotoni na ujanani. Mtu akifikisha takriban miaka 17, kiini kile kimekwisha kufumwa, na hakifumwi tena.

Maana yake kamba ninayoikanyagia leo ilisokotwa Mpwapwa, kabla ya mwaka 1990, nikiruka rede nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu. Imesokotwa kwa ugali wa uwele na mlenda wa mama. Imenibeba chuo, imebeba mimba tatu, imebeba ndoo sijui ngapi za maji. Haijabadilishwa hata uzi mmoja pale katikati. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaogopa kidogo.

Ni katika wiki hiyohiyo tangazo lilipoingia.

Lilitumwa na mdogo wangu wa kiume, ambaye mwenyewe ana kisa chake nitakachokisimulia. Video ya dakika mbili kwenye WhatsApp: mama mnene kama mimi anapanda ngazi akitabasamu, na sauti inasema kituo kimoja Dar es Salaam kinarudisha "ujana wa viungo" kwa damu yako mwenyewe. Nikapiga simu. Binti mwenye adabu nyingi akanieleza: sindano ya plazma yenye chembe sahani, laki tisa kwa sindano, ni vizuri kuchoma tatu. Kama nina uwezo zaidi ipo ya seli shina, zile seli mama zinazozaa seli nyingine, hiyo bei tutaongea ukifika, mama. Treni ya umeme siku hizi inafika Dar kwa saa chache, akaongeza, utarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Nisiseme uongo, nilipiga hesabu. Nina hisa Saccos. Ningeweza.

Jirani yangu, mhasibu mstaafu na mtu anayesoma magazeti, alinisukuma niende. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko tangazo lenyewe. "Mwalimu, si hapa hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto kwa watoto wa selimundu tangu 2023? Hizo si seli shina? Kama zinaponya damu, zitashindwaje na kisigino?" Niliondoka kwake sina jibu, na jambo hilo lilinikera kuliko mguu.

Jibu nililipata polepole. Mtoto wa selimundu ana kiwanda cha damu chenye kasoro. Madaktari wanakifunga kile kiwanda kwa dawa kali, halafu wanaingiza uloto wa ndugu aliyefanana naye. Seli zile zikifika zinaingia kwenye kazi ambayo ndiyo kazi yake tangu kuumbwa: kuzaa damu, kila siku, maishani. Zinajua njia ya kwenda kwenye mfupa. Kisigino hakina kiwanda cha aina hiyo. Ukimwaga seli kwenye kano iliyochakaa, unazipeleka mahali penye damu kidogo na kuziomba zifume upya kamba ambayo mwili wenyewe uliacha kuifuma ukiwa na miaka 17. Na kano haihitaji kolajeni tu. Inahitaji kolajeni iliyolazwa mstari mmoja, kwa urefu, ikivutana. Nilimrudia jirani na maelezo hayo. Akasema, "Haya, lakini plazma?"

Plazma, basi. Wanakutoa damu, tuseme bomba moja kubwa. Wanaizungusha kwenye mashine kwa kasi mpaka itengane: chembe nyekundu chini, maji ya manjano juu, na katikati utando wenye chembe sahani kwa wingi. Mtu mzima ana chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 hivi katika kila tone dogo la milimita moja ya ujazo; baada ya kuzungushwa zinakuwa mara kadhaa ya hapo. Hizo ndizo zinazowahi ukijikata kisu, na mifuko yao midogo ina kemikali zinazoita seli nyingine kuja kujenga. Wazo ni kwamba kano haina damu, tuipelekee kiini cha damu. Ukilisikia mara ya kwanza unasema naam. Mimi nilisema naam.

Kisha watu wakalipima. Mwaka 2010 Uholanzi, wagonjwa 54 wenye kano ya kisigino iliyochakaa waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu wakachomwa plazma, nusu maji ya chumvi, bila mgonjwa kujua amepata nini. Wote wakapewa mazoezi. Baada ya wiki 24 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na huwezi kuyatofautisha. Uingereza wakarudia kwa upana zaidi, wagonjwa 240, matokeo yakatoka 2021: plazma upande mmoja, sindano ya kuigiza upande wa pili, ile inayoingia ngozi tu bila kumimina kitu. Miezi sita baadaye, hakuna tofauti. Kwa kiwiko, ambako kano za nje huchakaa kwa mafundi na akina mama wa kukamua nguo, mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba kwa pamoja, ya mwaka huohuo 2021 yalifika mahali palepale.

Nasikia mtu atasema upo utafiti wa Uholanzi ulioonyesha plazma inashinda kwenye kiwiko. Upo, wa mwaka 2010 pia. Ila ilishindanishwa na steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, ambayo kwa kiwiko hutuliza wiki za mwanzo na kumwacha mgonjwa vibaya zaidi baada ya miezi. Ni kumshinda mchechemeaji kwenye mbio na kuomba kombe.

Sikusema tiba hizi ni utapeli. Kwa farasi, hadithi ni nyingine. Farasi wa mashindano huumia kano ya mguu wa mbele mara kwa mara, na Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London kimewachoma seli shina zilizotoka kwenye uloto wao wenyewe, zikakuzwa maabara kwanza. Waliotibiwa hivyo waliumia tena mara chache kuliko ilivyozoeleka kwa farasi wenye jeraha hilo. Ila farasi huyo ana tundu lililopasuka katikati ya kano, lenye kuta, mahali pa kuziweka seli zikatulia, na baada ya hapo anatembezwa kwa ratiba ya miezi mingi na mtu anayelipwa kumtembeza. Ufaransa, daktari mmoja alichoma uloto uliokolezwa kwa wagonjwa 45 wakati wa kushona kano za bega. Miaka 10 baadaye mishono 87 kati ya kila 100 ilikuwa bado imeshika, dhidi ya 44 kwa waliofanana nao waliofanyiwa upasuaji peke yake. Takwimu hiyo inatamanisha. Haikuwa bahati nasibu, walioshindanishwa walichaguliwa, na ni upasuaji, si sindano ya kwenda na kurudi kwa treni. Nasubiri wengine wairudie. Sitasubiri nikiwa nimelipa.

Sasa mdogo wangu. Ni dereva, ana miaka 51, na kila Jumapili huchezea maveterani. Kisigino kilimsumbua mwaka mzima. Zahanati moja ya binafsi ikamchoma sindano palepale panapouma, akapona kama kwa muujiza, akarudi uwanjani. Maumivu yakarudi, akarudi nayo. Sindano tatu ndani ya miezi minne. Ilikuwa steroidi, alijua jina baada ya mambo kuharibika.

Siku yenyewe ameisimulia mara nyingi hadi naiona. Mpira mrefu, anaondoka kuufuata, anahisi teke kisiginoni kutoka nyuma. Akageuka na tusi mdomoni. Hapakuwa na mtu. Beki wa karibu alikuwa hatua sita. Waliokaa pembeni wanasema walisikia mlio, wakadhani tairi imepasuka barabarani. Ndivyo kano ya kisigino inavyokatika, kila aliyekatika anasimulia teke la mtu asiyekuwepo. Plasta wiki kadhaa, mguu umeelekezwa chini kama wa mcheza dansi, halafu kiatu kirefu, halafu miezi ya kujifunza kusimama kwa vidole. Steroidi kwenye kano ya kisigino ni jambo ambalo vitabu vimeonya kwa miaka mingi. Aliyemchoma hakumwambia aache mpira hata kwa wiki mbili.

Kuna dawa nyingine, na hii inanihusu mimi na pengine wewe. Sipro, ile antibayotiki. Tunaila kama karanga. Homa kidogo, "taifodi na U.T.I.", sipro siku saba. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamuru dawa za kundi hilo ziwekewe onyo kwenye fremu nyeusi, la juu kabisa, kwamba zinaweza kuchakaza na kukata kano, hasa ya kisigino. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliovuka 60, kwa wanaotumia steroidi, na kwa waliopandikizwa figo, moyo au mapafu. Nilipekua daftari langu la matibabu nikakuta dozi mbili za sipro ndani ya miezi minne kabla ya ile Juni. Siwezi kusema ndiyo iliyonifanya. Zile mbio na kilo 81 zinatosha kujieleza. Ila dukani niliuziwa bila cheti na bila neno moja, na hata ningeambiwa "angalia kano zako" huenda ningedhani anazungumzia mishipa.

Kilichonisaidia kiligharimu elfu kumi na tano za kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, binti aliyesomea KCMC Moshi, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alinibana kisigino, akaniuliza asubuhi inakuwaje, akanisimamisha kwa mguu mmoja na kuniambia ninyanyuke kwa vidole. Mguu wa kushoto nilinyanyuka mara 17. Wa kulia mara nne. "Mama, hapa hakuna cha kupumzisha," akasema. "Umepumzisha mno." Nikamuuliza kuhusu sindano ya laki tisa. Akatabasamu akasema nikiwa nazo nimnunulie yeye kitanda kipya cha kazi.

Akanisimulia habari ya daktari wa mifupa wa Umeå, Sweden, Håkan Alfredson. Miaka ya tisini kisigino kilimuuma, akaomba mkubwa wake amfanyie upasuaji. Mkubwa akakataa: kano haijakatika, na hana nafasi ya kumpa likizo ya ugonjwa. Alfredson akaamua kuikata mwenyewe. Akawa anasimama ukingoni mwa ngazi, anashusha kisigino chini taratibu, akiongeza uzito kila siku ili ipasuke. Ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya hivyohivyo kwa wiki 12. Wote walirudi kukimbia. Nimejaribu kumfikiria mtu anayeamka kila siku na hasira ya kuharibu kitu, na kitu kinakataa kuharibika. Ningependa kumwona uso.

Dozi yake ndiyo hii. Unasimama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo. Unapanda kwa miguu yote miwili, unahamishia uzito kwenye mguu mbovu, unashuka nao peke yake polepole mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti tatu, goti limenyooka. Halafu seti tatu nyingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, siku saba za wiki. Hiyo ni mara 180 kwa siku, na kwa wiki 12 ni mara 15,120. Nimeshapiga hesabu ili usione nazungumza kirahisi. Iwapo haiumi tena, binti akasema, ongeza mzigo. Iume kidogo, isizidi kuuma kesho yake asubuhi. (Watafiti wa Copenhagen walionyesha 2015 kwamba uzito mkubwa, taratibu, mara tatu kwa wiki unatoa matokeo yaleyale. Aliniambia hili wiki ya tisa. Nilimnunia.)

Ngazi yangu ni ya baraza, mbili tu, za saruji. Nilianza Agosti. Wiki ya tatu niliumia kuliko mwanzo na nikampigia simu kwa sauti ya kulaumu. Wiki ya tano nikaanza kubeba begi mgongoni. Nililijaza madaftari ya kidato cha pili, kilo saba kwa mizani ya duka la jirani. Wapita njia walinisalimia kwa tahadhari. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kama mwalimu anaadhibiwa.

Wiki ya nane nilifika bafuni bila kushika ukuta. Niliigundua nikiwa tayari nimeoga.

Sikupona kama tangazo linavyopona. Binti alinionya kwamba kwa sisi tusio wanamichezo matokeo hayang'ai kama ya wale wakimbiaji wa Sweden, na kweli, siku za baridi mguu bado unanikumbusha. Ile njugu mawe ipo. Januari nilipiga ultrasaundi kwa udadisi tu, na picha ilikuwa mbaya vilevile: nene, na doa jeusi katikati. Mpiga picha alinionea huruma, mimi nimesimama kwa vidole mbele yake. Doa lile halirudi kuwa kamba. Jill Cook, mtafiti wa Australia aliyezichunguza kano hizi miaka mingi, anafundisha kwamba kano mbovu huongeza nyuzi nzima kuzunguka sehemu iliyokufa, na mzigo ndio unaozifundisha hizo nzima kubeba. Kwa hiyo mkanda wangu wa Mpwapwa una tundu katikati na ukuta mpya pembeni. Nakubali.

Habari ya makongoro nisiiache, kwa sababu kila mtu huniuliza. Ndiyo, supu ya kwato imejaa kano na kolajeni. Hapana, kolajeni ya ng'ombe haitoki kwenye bakuli ikatembea mpaka kisiginoni. Tumbo linaivunja kwanza vipande vidogo kama nyama nyingine yoyote. Upo utafiti mdogo wa 2017, wanaume wanane, waliokunywa gramu 15 za jelatini yenye vitamini C saa moja kabla ya kuruka kamba, na damu yao ikaonyesha dalili za ujenzi wa kolajeni kuongezeka maradufu. Wanane. Mimi naendelea kuinywa kwa ndimu na pilipili kila Jumamosi, na sababu yangu ni kwamba ni tamu.

Desemba tulikwenda Mvumi kwa mama mkwe. Ana miaka 76 na bega la kulia halinyanyuki kufika kichwani tangu mvua za mwaka juzi. Mjukuu mmoja alikuwa ameshamwonyesha ile video ya mama wa ngazi, na mume wangu alikuwa tayari kuchangisha ndugu. Nikawaeleza nilichojua: watu 96 wasio na maumivu yoyote waliwahi kupigwa picha za mabega Marekani, na kati ya waliovuka miaka 60 zaidi ya nusu walikuwa na kano iliyochanika, kiasi au yote, na hawajui. Mchaniko kwenye picha haukuambii nani atauma. Yule binti wa fiziotherapia alikuwa amenichorea mazoezi kwenye karatasi: kupanda ukuta kwa vidole, kuvuta kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa kwenye nguzo, na kunyanyua ndoo ndogo yenye maji kidogo, ukiongeza kikombe kila wiki.

Mama mkwe alisikiliza akichambua mlenda. Hakuuliza kuhusu chembe sahani.

"Mama Neema, hiyo sindano ni shilingi ngapi?"

"Laki tisa, mama. Na wanataka tatu."

Akanyamaza, midomo inahesabu. "Hao ni ng'ombe watatu," akasema. "Wakubwa."

Akainuka, akaichukua ile ndoo ya mazoezi kwa mkono wa kulia, akaelekea bombani. Nikamwambia asiijaze. Akaijaza.